Dawa 12 za bibi wa miaka 79: ipi iondolewe kwanza, na kwa nini anakubali hii na kukataa ile

Mwulize mzee anayemeza vidonge vingi kama angependa kupunguziwa, na karibu kila mara atakujibu ndiyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018, uliohoji wazee 1,981 wenye miaka 65 na zaidi, ulikuta asilimia 92 wako tayari kuacha dawa moja au zaidi iwapo daktari atasema inawezekana. Theluthi mbili walitaka kabisa idadi ishuke. Sasa mwagie vidonge vyake mezani, gusa kimoja, useme "tuanze na hiki." Hapo ndipo utasikia: "Hicho hapana, mwanangu."

Mipango mingi ya kupunguza dawa hukwama kati ya ndiyo ile ya jumla na hapana hii ya kidonge kimoja. Uchambuzi huu unafuata kisa kimoja mwanzo hadi mwisho kuonyesha hapana hiyo inatoka wapi na nini kinaweza kufanywa. Bibi anayezungumziwa ameundwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wengi wa umri wake. Si mtu mmoja anayeweza kutambuliwa.

Hali ilivyokuwa

Mwanamke wa miaka 79, kilo 52, mjane, anaishi na binti yake. Ana shinikizo la damu kwa zaidi ya miaka 20, kisukari aina ya pili kwa miaka 12, na magoti yaliyolika. Hajawahi kupata kiharusi wala mshtuko wa moyo. Aliletwa kwa sababu mbili: alianguka mara mbili usiku akienda chooni ndani ya miezi miwili, na binti yake aliona amekuwa mzito wa kukumbuka, anauliza jambo lile lile mara tatu kwa asubuhi moja. Familia ilikuwa tayari imekubali kwamba ni uzee.

Dawa alizokuwa nazo, kutoka vituo vitatu tofauti pamoja na moja ya kujinunulia:

- amlodipini mg 10 asubuhi (presha)
- losatani mg 50 asubuhi (presha)
- furosemaidi mg 40 mara moja kwa siku (miguu kuvimba)
- aspirini mg 75
- glibenklamaidi mg 5 mara mbili (sukari)
- metfomini mg 500 mara mbili (sukari)
- atovastatini mg 20 usiku (lehemu)
- diklofenaki mg 50 mara mbili (magoti)
- omeprazoli mg 20 asubuhi
- oksibutinini mg 5 mara mbili (mkojo wa haraka)
- diazepamu mg 5 usiku (usingizi)
- klofeniramini mg 4 usiku, ya kujinunulia (kuwashwa ngozi)

Presha akiwa amelala dakika 5 ilikuwa 138/76. Dakika 1 baada ya kusimama ikawa 112/66, na dakika ya 3 ikawa 114/68. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama, hiyo ni presha inayoanguka kwa kusimama. Yake ilishuka kwa 26. Kipimo hiki hakihitaji kifaa cha ziada, ila dakika 10 na subira, na ndiyo maana hakifanyiki: mzee anapimwa akiwa ameketi, inasomeka 136, inaandikwa "nzuri," anarudi nyumbani.

Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha kazi ya figo, ilikuwa mikromoli 115 kwa lita, yaani figo zinachuja takriban mililita 42 kwa dakika. Wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, ulikuwa asilimia 6.1. Familia ilijivunia namba hiyo, lakini kwa mtu wa umri huu anayemeza glibenklamaidi ni ishara ya hatari. Glibenklamaidi huchochea kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala, na mabaki yake hutolewa na figo; figo zikichoka, dawa inakawia mwilini na sukari inaweza kushuka usiku wa manane. Kwa mzee mwenye maradhi kadhaa, chini ya asilimia 8 inatosha. Ndiyo maana dawa hii imo katika orodha za tahadhari kwa wazee: vigezo vya Beers, vilivyoanza Marekani mwaka 1991, na vigezo vya STOPP, vilivyotoka Ireland mwaka 2008.

Kumwaga mfuko mezani

Kadi ya kliniki haikutumika kama chanzo. Familia iliombwa kuleta kila kitu: vya kwenye droo, vya chini ya mto, matone ya macho, mitishamba, na vile alivyogawiwa na jirani. Kila kidonge kikashikwa mkononi na kuulizwa maswali manne. Hiki ni cha nini? Unakimeza lini hasa, na kipi huwa unakiruka? Nani alikuandikia, na kulikuwa na nini wakati huo? Tukisema kiishe, moyo wako unasemaje?

Swali la nne ndilo linalosahaulika. Swali la pili halijibiki vizuri bila kuhesabu. Dawa zote zilitolewa siku 18 kabla, za siku 30. Za mara moja kwa siku zilitakiwa kubaki 12. Amlodipini zilikuwa 12. Diazepamu 12. Furosemaidi zilikuwa 21, kumaanisha amemeza 9 tu. Glibenklamaidi, zilizotolewa 60, zilitakiwa kubaki 24, zikakutwa 31.

Hakuulizwa kwa ukali. Aliambiwa, "Bibi, hizi zimebaki nyingi, nadhani una sababu." Sababu alikuwa nazo, tena nzuri. Furosemaidi haimezi asubuhi ya siku ya kutoka nyumbani, maana inaleta mkojo mwingi na itamwaibisha njiani. Siku nyingine akirudi anaimeza saa kumi jioni ili asiwe ameiruka kabisa. Kidonge cha sukari anakiruka siku ambayo chakula hakimpandi, kwa sababu aliwahi kukimeza bila kula akatokwa na jasho na kutetemeka.

Hapa kuna jambo ambalo watoa huduma wengi hawalioni. Mgonjwa huyu alikuwa ameshaanza kupunguza dawa peke yake, na kuhusu glibenklamaidi alikuwa na akili kuliko kadi yake. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba anaweza kulisema hilo waziwazi. Wazee wengi huficha vidonge walivyoruka kwa adabu tu: hawataki daktari ajione amedharauliwa.

Furosemaidi huanza kazi ndani ya saa moja na huendelea kwa takriban saa sita. Ikimezwa saa kumi jioni, mkojo unasukumwa hadi saa nne usiku, na maji yaliyokuwa miguuni yanarudi kwenye mzunguko akishalala, kwa hiyo figo zinaendelea na kazi usiku kucha. Mara zote mbili alizoanguka alikuwa amerudi kutoka safari.

Kila kidonge na historia yake

Kwa swali la jumla alijibu upesi: "Hata leo punguzeni, nimechoka, nashiba dawa kabla ya chai." Halafu yakaja majibu ya kimoja kimoja.

Omeprazoli: hakujua ni ya nini, hakuwa na shida nayo. Oksibutinini: haipendi, inamkausha kinywa na choo kimekuwa kigumu. Klofeniramini: hakuihesabu kuwa dawa.

Diklofenaki: "Hiki ndicho pekee ninachokisikia kikifanya kazi." Kauli hiyo inastahili kuzingatiwa. Dawa ya presha inazuia jambo ambalo halijatokea. Mzee hawezi kulihisi. Dawa ya maumivu inajibu ndani ya saa moja. Basi kidonge chenye madhara makubwa zaidi mezani ndicho kilichokuwa na sifa bora, na mhudumu anayeanza kwa kukilaani atapoteza hoja mapema.

Amlodipini na aspirini: hapana. Mdogo wake aliacha dawa za presha kwa hiari yake akapata kiharusi, akaishi miaka mitatu bila kusema. Tangu hapo "kuacha dawa" na "kupooza" ni kitu kimoja kichwani mwake. Hofu hii haina upuuzi wowote. Kwa dawa za presha kwa ujumla ni sahihi. Kosa lake ni kuchukulia kwamba kushusha mg 10 hadi mg 5 ni sawa na kuacha.

Diazepamu: hapana, na hapa sauti ilibadilika. Ilianzishwa wiki ya mazishi ya mumewe, miaka sita iliyopita. Iliandikwa ya siku 14. Hakuna aliyewahi kuisimamisha, wala aliyewahi kuandika kwamba iendelee; ilinakiliwa tu kila mwezi.

Binti naye alikuwa na hapana yake, nyingine kabisa. Yeye ndiye anayepanga vidonge kwenye kisanduku cha siku saba. Alisema, "Mkiziondoa halafu mama akapata kitu, mimi ndiye nitaulizwa na ndugu zangu." Chini ya hilo kulikuwa na shaka iliyosemwa baadaye, kwamba huenda mama amekatiwa tamaa na kupunguza dawa ni namna ya upole ya kusema hivyo. Shaka hii ni ya kawaida mno katika familia za wazee, na haiondoki kwa kueleza madhara ya dawa. Inaondoka pale familia inapoona miadi ya ufuatiliaji inaongezeka wakati vidonge vinapungua. Ndiyo sababu mpango uliandikwa na tarehe za simu na za kurudi kabla kidonge cha kwanza hakijaguswa.

Mnyororo

Ukiziangalia dawa 12 kama dawa 12, utaanza kubishana kuhusu kila moja. Zipange kwa tarehe zilizoanzishwa, na picha inakuwa nyingine.

Diklofenaki ilianza miaka minne iliyopita. Dawa za jamii hii hufanya mwili ubaki na chumvi na maji na hupandisha presha. Presha ikapanda; amlodipini ikaongezwa kutoka mg 5 hadi mg 10. Amlodipini hupanua mishipa midogo inayoingiza damu kuliko inayoitoa, hivyo maji huvuja kwenye tishu za vifundo vya miguu, na tatizo hilo huongezeka kadiri dozi inavyoongezeka. Miguu ikavimba, furosemaidi ikaandikwa. Furosemaidi haitibu uvimbe wa aina hiyo ipasavyo, kwa kuwa mwili haujajaa maji, maji yamehama tu mahali. Iliyoleta kwa hakika ni mkojo wa haraka. Ikaandikwa oksibutinini, ambayo huzuia kemikali ya asetilikolini, si kwenye kibofu tu bali hata kwenye ubongo na utumbo: kinywa kikavu, choo kigumu, kumbukumbu nzito. Klofeniramini inazuia kemikali ile ile, kwa hiyo ya kujinunulia ikaongeza uzito juu ya ya kuandikiwa. Na omeprazoli ililetwa kulinda tumbo dhidi ya diklofenaki na aspirini.

Kwa hiyo furosemaidi, oksibutinini, omeprazoli na nusu ya amlodipini ni watoto na wajukuu wa kidonge cha goti. Watafiti Rochon na Gurwitz waliueleza mtiririko wa namna hii katika miaka ya 1990, dalili iletwayo na dawa ikidhaniwa kuwa ugonjwa mpya na kupewa dawa mpya. Isitoshe, diklofenaki, losatani na furosemaidi kwa pamoja ni mchanganyiko unaojulikana kwa kuumiza figo: losatani hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio, diklofenaki hubana ule unaoiingiza, na furosemaidi hupunguza ujazo wa damu yenyewe. Siku atakayoharisha au kutapika, figo hizo zinaweza kusimama.

Mnyororo unafunguliwa kuanzia mzizi. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi: mhudumu anaanza na furosemaidi kwa sababu ndiyo inayolalamikiwa. Amlodipini bado ni mg 10, diklofenaki bado ipo. Ndani ya siku chache miguu inavimba zaidi, familia inasema "si tulisema," na hakuna kidonge kingine kitakachokubaliwa kutoka kwa mwaka mzima. Vivyo hivyo ukiondoa omeprazoli wakati diklofenaki na aspirini bado zinamezwa, unaliacha tumbo bila kinga na unaweza kusababisha vidonda kutoka damu.

Mpango, wiki kwa wiki

Kanuni ya kawaida ni dawa moja kwa wakati mmoja, ili dalili ikitokea ijulikane imetoka wapi. Inavunjwa pale hatari haisubiri. Wiki ya kwanza glibenklamaidi ilisimamishwa papo hapo. Haihitaji kupunguzwa polepole. Klofeniramini nayo ikaondolewa, ngozi ikapakwa mafuta mazito mara mbili kwa siku, maana ilikuwa inawasha kwa ukavu. Furosemaidi haikuguswa dozi, ilihamishwa muda tu: saa mbili asubuhi, au akirudi safari, mradi isiwe baada ya saa nane mchana. Vipimo vya sukari asubuhi kabla ya kula mara tatu kwa wiki. Hadi 10 (mmol/L) inavumilika, ikizidi 15 mara mbili au akipata kiu kali na mkojo mwingi, piga simu.

Kuanza na glibenklamaidi kulikuwa na sababu ya pili. Ni kidonge alichokiogopa yeye mwenyewe. Kumwambia "ulikuwa sahihi kukiruka" kulifungua mlango kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu, na wiki iliyofuata alijisemea kwamba jasho la alfajiri limekoma, jasho ambalo hakuwa amelitaja kwa mtu.

Wiki ya 2, diklofenaki ya kumeza. Haikuondolewa bila mbadala. Aliandikiwa diklofenaki ya kupaka, gramu 4 kwa kila goti mara nne kwa siku; kwa njia hiyo, goti moja huingiza kwenye damu takriban asilimia 6 tu ya kile kinachoingia kwa kumeza. Parasetamoli gramu 1 hadi mara tatu kwa siku, isizidi gramu 3 kwa siku, ikaongezwa pia, ingawa kwa magoti yaliyolika haina nguvu kubwa na aliambiwa hivyo. La tatu ni mazoezi: kuketi kitini, kunyoosha goti, kushikilia kwa sekunde 5, mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Alionywa kwamba siku 10 za kwanza magoti yatauma kuliko alivyozoea. Onyo hili ni sehemu ya tiba. Maumivu yaliyotabiriwa huvumiliwa. Yasiyotabiriwa humrudisha mtu dukani kununua kile kile.

Wiki ya 4, presha akiwa amelala ilikuwa 126/70, akisimama 108/62. Bila diklofenaki, dozi ya zamani ilikuwa imezidi. Hapo ndipo mazungumzo ya amlodipini yakarudi, na hayakuanza na maneno. Binti alifundishwa kupima presha, mama akaona mwenyewe namba zikishuka akisimama, kisha akaulizwa: "Bibi, mdogo wako aliacha zote. Wewe unabaki na losatani, na amlodipini inabaki mg 5. Tukipima siku 14 na ikizidi 150, tunairudisha siku hiyo hiyo. Unaonaje?" Akakubali. Kilichomkubalisha ni hilo la kurudisha. Mzee anayeogopa kuacha dawa mara nyingi anaogopa kwamba mlango utafungwa nyuma yake. Ukimwandikia sharti la kuirudisha, hofu inapata mpaka. Baada ya wiki mbili ilisoma 134/74 akilala na 124/70 akisimama.

Wiki ya 6 uvimbe ulikuwa umepungua, furosemaidi ikashuka hadi mg 20, na wiki ya 8 ikasimama. Hili lilifanyika baada ya kuhakikisha hana dalili za moyo kushindwa kusukuma damu: halali kwa mito mitatu, hapumui kwa shida akitembea, mapafu safi. Kwa mwenye tatizo hilo la moyo hesabu ni nyingine kabisa na furosemaidi haiondolewi namna hii. Alipimwa uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Sharti la kupiga simu: kuongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, au kuishiwa pumzi.

Wiki ya 9 kulitokea mkwamo. Miguu ilivimba kidogo jioni, na binti akampa furosemaidi mbili kutoka pakiti ya akiba. Uzito ulikuwa kilo 52.3, hakukuwa na shida ya kupumua. Bibi alikuwa ameketi kutwa nzima miguu ikining'inia. Tiba ilikuwa kuinua miguu juu ya stuli nusu saa mchana na jioni. La kujifunza kwa mhudumu ni kwamba dawa iliyosimamishwa lakini ikabaki ndani ya nyumba haijasimama. Pakiti zote za zamani zilirudishwa kwa mfamasia siku hiyo, jambo ambalo lingefanyika wiki ya 8 pale pale.

Damu ilipimwa tena siku 10 baada ya furosemaidi kukoma, kwa kuwa losatani huzuia potasiamu kutoka na furosemaidi ilikuwa ikiitoa. Ukiondoa moja, uwiano unahama. Potasiamu ilikuwa 4.6, ndani ya kawaida. Kreatinini ilishuka hadi 99, yaani uchujaji wa takriban 50.

Oksibutinini ilikuwa rahisi. Safari za chooni usiku zilishuka kutoka tano hadi mbili. Ikamezwa kidonge kimoja kwa siku kwa wiki moja, kisha basi. Choo kililainika kwanza. Kumbukumbu ilichukua wiki kadhaa, na haikurudi kuwa ya miaka 60, ila maswali ya kurudiarudia yalipungua kiasi cha binti kuyataja bila kuulizwa.

Aspirini ilichukua mazungumzo mawili. Kwa aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, aspirini ina kazi na haiguswi kienyeji. Kwa asiyewahi, akiwa na zaidi ya miaka 70, ushahidi umegeuka. Jaribio la ASPREE, lililochapishwa 2018, liliwafuata zaidi ya wazee 19,000 Australia na Marekani wakimeza mg 100 au kidonge kisicho na dawa. Aspirini haikupunguza maradhi ya moyo kwa kiwango cha maana, ila ilizidisha kutokwa damu kukubwa. Alielezwa kwa lugha ya kawaida: inapunguza uwezo wa damu kuganda, na kwa mtu anayeanguka usiku hilo ni hatari kichwani. Wiki ya 10 aliiacha. Baada ya hapo tu ndipo omeprazoli ikafuata: siku moja ameza, siku moja ruka, kwa wiki tatu, kisha simama. Tumbo lililozoea kuzuiwa hutoa asidi kwa wingi dawa ikiondoka, kwa hiyo kiungulia cha wiki mbili tatu hakimaanishi kwamba aliihitaji. Alipewa dawa ya maji ya kutuliza asidi kwa siku hizo, akaitumia mara nne.

Losatani, metfomini na atovastatini zilibaki. Metfomini haishushi sukari kupita kiasi ikiwa peke yake, na gramu 1 kwa siku inakubalika kwa figo hizo. Atovastatini ingeweza kujadiliwa, lakini haikumuumiza, ana kisukari, na hakukuwa na haraka. HbA1c ya mwezi wa tatu ilikuwa asilimia 7.2.

Wiki ya 14 kituo kingine kilimpa tena oksibutinini kwa kunakili kadi ya zamani. Binti aliikataa dirishani, kwa sababu alikuwa na karatasi: jina la dawa, tarehe iliyosimamishwa, sababu, aliyeisimamisha, dalili ya kuirudisha. Kusimamisha dawa kunahitaji maandishi sawa na kuianzisha, na nakala lazima ifike kila mahali mgonjwa anapochukulia dawa.

Kwa wasomaji wenye wazee nyumbani, tahadhari moja: mpango huu ni wa mwili huu. Kuna dawa zisizosimamishwa ghafla kwa hali yoyote: za kifafa, za kupunguza mapigo ya moyo kama atenololi na propranololi, klonidini, predinisoloni iliyotumika zaidi ya wiki tatu, na diazepamu yenyewe.

Diazepamu

Iliachwa mwisho kwa makusudi. Kwa kijana wa miaka 20, nusu ya dozi huondoka mwilini kwa takriban saa 20. Kwa mtu wa miaka 80 huchukua saa 80 au zaidi. Anayemeza kila usiku hajawahi kuamka bila diazepamu ndani yake. Ni chanzo cha moja kwa moja cha kuanguka, na kitaalamu ingestahili kuwa ya kwanza. Lakini ingekuwa ya kwanza angekataa, na kukataa huko kungefunga na mengine yote.

Utafiti wa Kanada wa mwaka 2014, EMPOWER, uliwapa wazee wanaotumia dawa za jamii hii kijitabu cha kujipima na ratiba ya kupunguza, hakuna zaidi. Baada ya miezi sita asilimia 27 walikuwa wameacha, dhidi ya asilimia 5 ya wasiopewa. Namba hiyo inatia moyo, na inasema pia kwamba wengi hawakufika.

Wiki ya 12 aliulizwa, hakuambiwa. Alikubali kujaribu "kidogo kidogo, nikishindwa nisilazimishwe." Kwa vidonge vya mg 2 ratiba ilikuwa mg 4 kwa wiki mbili, mg 3 (kimoja na nusu) kwa wiki mbili, mg 2 kwa wiki mbili, mg 1 kwa wiki mbili, kisha hakuna. Alielezwa kwamba usiku mbaya hautakuwa wa kwanza baada ya kupunguza; kwa kuwa dawa hutoka polepole, huja siku ya nne hadi ya saba, wakati mtu ameshaamini amevuka. Chai ya mwisho saa tisa alasiri, usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na asipande kitandani kabla ya kusinzia.

Mg 4 na 3 zilipita. Mg 2 pia. Kwenye mg 1 hakulala usiku tatu mfululizo, akawa analia alfajiri, na akasema waziwazi kwamba kitanda ni kikubwa. Alirudishwa mg 2. Hapo tatizo halikuwa tena la dozi. Alitafutiwa mtu wa ushauri nasaha, na jaribio lingine likapangwa baada ya miezi mitatu kwa hatua ya nusu miligramu, kila hatua wiki nne.

Mwezi wa sita anameza losatani, amlodipini mg 5, metfomini, atovastatini na diazepamu mg 2, pamoja na parasetamoli na ya kupaka siku magoti yakiamka vibaya. Hajaanguka tena. Presha yake akisimama inapimwa kila mwezi, na vitamini B12 itapimwa mwaka huu, kwa sababu metfomini ya miaka mingi huishusha na upungufu wake nao huleta usahaulifu na ganzi ya miguu.